Yah: Maombi ya Ng'ombe wa Mto Mara Kupimwa kwa Haki

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

Sisi ng'ombe wa Rorya, Butiama, Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, tunakusalimu kwa heshima zote. Afya zetu ni njema, ukiacha kupe. Tumechelewa kuandika kwa sababu wanaojua kusoma zizini ni wachache, na habari za Machi 2022 tulizipata kwenye redio ya kijana anayetuchunga. Tulisikia kwamba maji ya Mto Mara yamegeuka meusi, samaki wanaelea, wananchi wamekatazwa kuyatumia, na kamati ya wataalamu imeshampata mhusika: mkojo na kinyesi chetu, vikisaidiwa na majani yaliyooza.

Tunashukuru kwa kutambuliwa. Miaka yote tumetajwa kwenye mahari na nyama choma tu. Hatukutegemea siku moja kuitishiwa mkutano na waandishi wa habari.

Mheshimiwa, hatukatai kwamba tunajisaidia mtoni, wala sayansi hatubishani nayo. Kinyesi kikiingia majini, bakteria hukila, na katika kukila humaliza oksijeni iliyoyeyuka humo. Kwa mwinuko wa nchi yetu, maji safi yenye nyuzijoto 25 hubeba takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Zikishuka chini ya 2, samaki wengi huelea tumbo juu. Hilo linawezekana kabisa, na kiboko ni shahidi. Upande wa Kenya wa mto huu huu, watafiti wamehesabu viboko zaidi ya 4,000 wanaomwaga humo kila siku kinyesi cha kama kilo 8,500 kikipimwa kikavu, na mvua ikilisomba tope la madimbwi yao, samaki hufa. Nyumbu nao huzama wastani wa 6,250 kwa mwaka na kuozea hapo hapo. Lakini kiboko na nyumbu hupigwa picha na watalii wanaolipa kwa dola. Sisi tunaundiwa kamati.

Ombi letu ni moja: tupimwe, ila tusipimwe peke yetu. Kipimo chetu mnacho, kinaitwa BOD. Maji hufungiwa kwenye chupa, gizani, siku 5 kwa nyuzijoto 20 (dhamana hakuna), kisha huangaliwa oksijeni kiasi gani imeliwa. Majitaka yanayoachiwa mtoni hayatakiwi kuzidi miligramu 30 kwa lita. Ongezeni kipimo cha bakteria wa kinyesi, E. koli, ambaye kwenye maji ya kunywa hatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100, na hapo, tukiri, mtatukamata vizuri. Lakini BOD haiijui zebaki. Mwalo wa mchimbaji mdogo wa dhahabu unaweza kumwaga zebaki mwaka mzima na chupa ile isiseme kitu, kwa kuwa zebaki haili oksijeni. Huingia kwa samaki, na samaki huingia kwa Mheshimiwa. Saianidi ina kipimo chake, asidi ya miamba ya mgodini ina pH, mbolea ina nitrati na fosfati, na udongo unaoporomoka tangu msitu wa Mau, kwenye chanzo cha mto huu, ulipoanza kufyekwa hupimwa kwa jinsi maji yalivyo na tope. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu. Hatusemi mgodi ndio uliowaua samaki wa 2022. Tunasema sisi hatujawahi kumiliki bwawa.

Kuna na suala la saa. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, inaitumia tu, kwa hiyo kiwango huwa chini kabisa karibu na alfajiri. Mtaalamu akishuka kwenye gari saa nne asubuhi, baada ya chai na chapati, oksijeni imeshaanza kurudi. Akija baada ya wiki, maji yaliyoua samaki yameshaingia Ziwa Victoria, na anachochota ni maji mengine yasiyo na kesi. Basi fungeni kifaa cha kupima oksijeni pale darajani Kirumi, kifanye kazi usiku na mchana, na namba zake ziandikwe kwenye ubao barabarani ambapo hata dereva wa bodaboda atazisoma. Andikeni pia aina za samaki wanaokufa. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Akifa sato peke yake, tutanyamaza. Akifa na kamongo, tafuteni mtuhumiwa mwingine.

Tunafahamu pia kwamba sheria ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sisi si binadamu, lakini hatutajificha nyuma ya kifungu. Tuchimbieni malambo, nasi mtoni hatutakanyaga. Mkishindwa malambo, basi hata birika.

Tunaweka kwato zetu,

Ng'ombe wa Mto Mara

Nakala: Kiboko, Maasai Mara, Kenya (kwa taarifa na kujiandaa na utetezi)