Tairi Jipya na Mahakama ya Koko

Ndugu yangu unayeishi kwenye nyumba yenye baiskeli moja na ukoo mzima unaoitaka, sogea hapa tukae. Wewe utanielewa. Asiyeoa hudhani tairi linamalizwa na barabara. Sisi tunajua kwamba barabara huanza tu kazi, halafu wakwe, mashemeji na watoto wanaimalizia.

Barabara yetu nayo haina huruma. Tunakaa Mapendo, hapa Goma, pale ambapo moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita Januari 2002 ukielekea ziwani. Watu walirudi, wakasimamisha nyumba za mbao juu ya jiwe jeusi lililopoa, na mpaka leo vichochoro vyetu ni makoro matupu. Jiwe la makoro lina matundu na meno. Ukianguka linakuchuna goti, na tairi likipita juu yake kila siku linasagika. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, ukamwaga makoro mengine kule Buhene, kaskazini ya mji.

Juu ya mawe hayo ndipo inapopita Phoenix yetu ya Kichina, baiskeli nzito, yenye keria pana nyuma. Asubuhi inashuka ziwani kuchota maji. Inarudi na bidoni tatu za lita 20, maana yake kilo 60, zote zikiwa nyuma. Hata siku isiyo na mzigo, anayeendesha amekalia upande wa nyuma, kwa hiyo gurudumu hilo linabeba zaidi ya nusu ya uzito. Mnyororo nao unavuta lilelile la nyuma. La mbele kazi yake ni kuongoza. Basi tairi la nyuma huisha mara mbili, hata mara tatu, kabla ya la mbele kuchoka. Utalitambua kwa kulitazama: pale katikati panapogusa ardhi panakuwa bapa, maua yake yanafutika, halafu nyuzi zinaanza kuchungulia.

Sasa nikujulishe familia, maana bila hao hakuna kisa.

Kuna mke wangu, Mama Neema, ninayemwita Benki Kuu. Anauza mboga kwenye meza mbele ya nyumba, na kila faranga inayoingia kwetu inapita mkononi mwake. Kuna mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Koko na mimi, nikiwa mbali kidogo, namwita Mahakama, kwa sababu akishatamka neno hakuna pa kukata rufaa. Kuna shemeji yangu mdogo, Bila Freni, aliyevunja breki za baiskeli zamani na tangu hapo husimama kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi. Binti mkubwa ni Redio, anasoma kila anachokipata na kukitangaza mezani. Anayemfuata ni Injinia, mvulana wa misumari na nyundo. Wa mwisho, mwenye tumbo la duara na miguu mifupi, ni Kabidoni.

Mwezi ule tairi la nyuma lilikuwa limeshaonyesha nyuzi. Nilipeleka ombi Benki Kuu. Likakaa. Siku tairi hilo lilipotoa pancha ziwani, na maji ya kupikia sombe yakafika saa ya kulala, ndipo pesa iliyokuwa ya makaa ikageuzwa kuwa ya tairi. Nilikwenda madukani Birere, nikachagua moja zuri, nikalipiga kofi, nikalinusa, nikarudi nalo begani kwa furaha kubwa.

Utaratibu wangu ni ule wa mafundi wote wanaojali roho ya mtu. Tairi jipya likae mbele. Lile lililokuwa mbele, ambalo bado lina nusu ya maisha, lihamie nyuma likabebe mizigo. Lililoisha litoke kabisa. Sababu yake inaeleweka kwa mtu yeyote. Tairi la nyuma likipasuka, baiskeli inayumba, lakini usukani bado ni wako, unasimama na kutukana kidogo. La mbele likipasuka kwenye mteremko, usukani haukusikilizi tena, na kinachofuata ni meno yako chini. Zaidi ya hayo, ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele. Kwa hiyo tairi lenye nguvu kuliko yote lazima likae huko, hata kama la nyuma ndilo lenye kazi nyingi.

Hapo Koko akaweka chini ungo wa maharage.

Kwetu mtu habishani na mama mkwe uso kwa uso. Yeye anasema na binti yake, binti yake anasema nami, na mimi najibu kwa kumtazama mke wangu, ingawa sote tuko ndani ya chumba kimoja na kila mtu anasikia. Koko akasema: "Mama Neema, muulize Papa Neema. Ya nyuma njo inabeba maji?" Nikamjibu mke wangu kwamba ndiyo. "Ya nyuma njo inabeba mboga?" Ndiyo. "Basi anayefanya kazi njo anavaa nguo mpya. Huyu wa mbele amebeba nini?"

Nikaeleza tena habari ya usukani na mteremko, nikitumia sahani mbili kama magurudumu. Mke wangu aliziondoa sahani.

Bado nilikuwa na matumaini, kwa sababu hata kama jipya lingekaa nyuma, lile la zamani la mbele lilikuwa zima. Ningetupa bovu na maisha yangeendelea. Ila usiku huo Redio alikuwa amesoma. Katikati ya chakula alianza kutangaza kwamba tairi la upepo alilitengeneza John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, akapata hati yake mwaka 1888. Baada ya hapo Ulaya nzima ikataka mpira, na mpira ulikuwa kwenye misitu ya Kongo, mikononi mwa Leopold wa Pili. Watu walilazimishwa kuugema, walioleta pungufu walichapwa viboko, wengine walikatwa mikono, vijiji vikachomwa, mpaka dunia ikapiga kelele na mfalme akaiachia nchi serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Tuliacha kula. Nilimtazama mtoto wangu nikajivunia, kwa sababu haya ni mambo ambayo kila nyumba ya Kongo inapaswa kuyazungumza mezani. Koko alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatoa hukumu ya pili: "Kama mpira ni damu ya wazee, hapa hakuna mpira wa kutupa."

Kesho yake nilikwenda kazini. Bila Freni akabaki na spana. Akatekeleza hukumu zote mbili kwa utii: jipya akaliweka nyuma. Bovu, kwa kuwa ni marufuku kulitupa, akaliweka mbele. Lile zima la nusu maisha akalitundika ukutani kama akiba, maana Mama Neema hupenda akiba. Kila mkubwa wa nyumba alikuwa ameridhishwa. Akapanda baiskeli, akaenda barabara ya Rutshuru kununua kabichi za meza ya dada yake.

Barabara ile inateremka kutoka Kibati hadi mjini, na mtu asiye na breki huipenda. Alikuwa amejaza gunia nyuma. Alipotaka kupunguza mwendo akakandamiza kandambili kwenye tairi la mbele, lile la nyuzi. Likapasuka. Kabichi zikatangulia mbele yake, watoto wa barabarani wakatangulia mbele ya kabichi. Yeye alipata michubuko ya viganja na goti, tunamshukuru Mungu.

Aliyemwokoa ni mwenye chukudu aliyekuwa anashuka na viazi. Wewe msomaji wa mbali, chukudu ni gari letu la mbao la magurudumu mawili. Mtu anaweka goti moja juu yake, anasukuma kwa mguu mwingine, na linabeba mamia ya kilo. Tunalienzi hata tumelisimamishia sanamu kwenye mzunguko mkubwa wa mji. Magurudumu yake ni mbao iliyovishwa kanda ya tairi kuukuu kwa misumari. Upepo hayana, kwa hiyo hayana cha kupasuka. Bwana yule aliipakia Phoenix yetu juu ya viazi, akampakia na Bila Freni juu ya Phoenix, na hivyo ndivyo baiskeli yangu ilivyorudi nyumbani, mbele ya majirani wote wa Mapendo.

Nilidhani sasa kesi imekwisha. Koko aliosha goti la mwanawe kwa maji ya chumvi, akatoka nje, akaikagua baiskeli. Akabonyeza tairi jipya la nyuma kwa kidole gumba. Akarudi. "Mama Neema, mwambie Papa Neema: ya nyuma haikupasuka. Nilisema."

Nikuulize wewe mwenzangu, hapo ungejibu nini? Mimi niliketi.

Wakati huo Injinia alikuwa ameshalichukua tairi lililopasuka nyuma ya nyumba. Alilikata kanda mbili, akazipigilia kwenye magurudumu ya chukudu ndogo anayoitengeneza kwa mbao za mkaratusi, na kipande kilichobaki akakifanya breki ya kukanyaga. Nilikwenda kuitazama. Kazi safi. Sheria ya kutotupa mpira ilikuwa imepata mahali pake panapofaa, na hakuna meno yaliyohusika.

Nani alimaliza kesi? Mke wangu, kwa sentensi moja. Jioni alikuwa anapepeta mchele karibu na mama yake, na Kabidoni amelala miguuni mwao. Akasema polepole: "Mama, huyu huwa anakaa kwenye bomba la mbele, mbele ya baba yake. Kama leo angekuwa pale?"

Koko hakusema kitu. Alimfunika mtoto na kitenge chake. Asubuhi, kabla ya maji kuchotwa, nilisikia sauti yake uani akimwamuru Bila Freni afungue magurudumu yote mawili. Jipya likaja mbele. Lile la akiba likashuka ukutani likaenda nyuma. Breki zikanunuliwa, za mbele na za nyuma, kwa pesa ambayo Benki Kuu iliitoa bila ombi. Nilikuwa nimezungumza juu ya usukani na uzito mpaka sauti ikanikauka, na mke wangu alitaja mahali anapokaa mtoto, basi.

Tangu siku hiyo hii ni sheria ya Koko. Anawafundisha majirani kwamba kizuri hukaa mbele kwa sababu mbele kuna mtoto. Kila Jumamosi anapita na kidole gumba: anabonyeza upepo, kwa sababu tairi legevu hupasuka ubavuni upesi. Anapapasa katikati kutafuta ubapa. Anatazama mbavu za tairi la mbele, maana lenyewe halisagiki haraka, ila jua hulikausha likafanya nyufa. Fundi wa kona yetu anamwogopa.

Tairi la nyuma limeanza tena kuwa bapa, na tumeshanunua jingine. Liko chini ya kitanda cha Koko, pamoja na jembe na sanduku la vitenge, na kulitoa lazima niombe kupitia kwa Mama Neema. Niliomba Jumatatu. Jibu likaja kwamba kidole kimesema bado, tungoje mwisho wa mwezi. Nilitoka uani, nikainama, nikalipapasa tairi mwenyewe. Ni kweli, bado.