Barua ya Wazi kwa Mabwana Kumi na Watatu wa Marekani

Tarehe 6 Februari 1788 wajumbe wa Massachusetts waliipitisha Katiba mpya ya Marekani kwa kura 187 dhidi ya 168. Barua hii imetoka katika dunia ambayo watu 10 kati ya hao 187 waliamka vibaya siku hiyo, wakapiga kura ya hapana.

Unguja, 1833

Kwa Waheshimiwa Mabwana wa Bunge la Majimbo, popote mlipo leo.

Ama baada ya salamu, sijui barua hii niipeleke wapi. Nahodha wa Salem ananiambia mlikuwa Philadelphia, mkakimbilia Princeton mwaka 1783 askari wenu wenyewe walipokuja kudai mshahara, kisha Annapolis, kisha Trenton, kisha New York. Hata mpangaji asiyelipa kodi hahami hivyo. Basi nimeandika nakala 13, moja kwa kila jimbo, na moja ya ziada kwa yeyote mwenye muhuri.

Mimi ni muuza nguo. Wateja wangu wa bara hawataki ila nguo ya merikani. Wanaishika, wanainusa, wanauma ukingo. Wakionja wanga mwingi wananitazama kama mwizi. Nchi yenu imeipa nguo jina, lakini nchi yenyewe nimeitafuta sijaiona.

Seyyid Said, mtawala wetu, yu tayari kufanya mkataba nanyi: ushuru asilimia 5, basi. Ukiteremsha marobota forodhani, karani anafungua moja, anahesabu majora kwa kidole, unalipa reale zako, unakwenda kunywa kahawa.

Asilimia 5 hiyohiyo ndiyo iliyowashinda ninyi. Mwaka 1781 mliyaomba majimbo ruhusa ya kutoza kiasi hicho kwa bidhaa za nje, mlipe madeni ya vita. Rhode Island ikasema hapana. Rhode Island! Nimeitazama kwenye ramani ya nahodha, nikadhani ni kinyesi cha nzi. Na kwa kuwa sheria yenu hutaka majimbo yote 13 yakubali, nzi akashinda. Mlipoomba tena, New York ikazuia.

Mwaka 1787 mkajifungia Philadelphia kiangazi kizima, mkatoka na karatasi yenye rais, mahakama, na Bunge lenye kutoza kodi. Rhode Island haikupeleka hata mjumbe mmoja, nami naipongeza: iliokoa nauli. Massachusetts ikaikataa, wengine wakaona ya nini, karatasi ikawa ya kufungia sabuni.

Sasa mmetuletea mjumbe wa mkataba. Ni wa New Hampshire. Nyuma yake akateremka wa Massachusetts, kusema wa New Hampshire hana mamlaka. Wa New York akasema pembe na sandarusi zikipita bandarini kwake zitalipa kwanza. Wa Virginia alileta tumbaku na malalamiko. Juzi walikaa barazani kwangu tangu alasiri mpaka magharibi, wakamaliza vikombe 11 vya kahawa wakigombea jina la nani litangulie. Mzee mmoja jirani yangu, kimya muda wote, akaniinamia sikioni: "Hawa wamekuja kuposa au kugawa mirathi?"

Kahawa ile mmoja aliilipa kwa noti ya Rhode Island. Nikampelekea Baniani anayebadilisha fedha. Akaiinua juani, akaigeuza, akaikunja vizuri kama koni, akatia karanga ndani, akanirudishia. Karanga zilikuwa nzuri.

Sina haraka ya jibu. Najua jambo zito kama mkataba linataka majimbo 9, na nahodha anasema mara ya mwisho yalihudhuria 6, moja likiwa limelala. Ila kaskazi inakwisha, na Mwingereza ameshateremsha marobota yake: mfalme mmoja, muhuri mmoja, nguo mbovu. Jana mteja wa bara aliuma ukingo wake, akatema, akanunua majora manne.

Ndimi muuza nguo,
Mtaa wa Malindi, Unguja