Naapa Sina Mke

Stima ilipotea wakati mbaya. Pangaboi la afisi ya wakili lilizunguka mara ya mwisho likanyamaza, na katika ukimya ule karani akawasha taa ya simu yake, akaikurubisha karatasi machoni, akaanza kunisomea kiapo changu. Haki alikuwa nayo: mwenye kuapa lazima ajue anachoapia, na kwenye kiza kile mimi nisingeliona hata jina langu. Lakini Mungu amemjaalia sauti kijana yule, na ukumbi wa kungojea ulikuwa umejaa.

"Mimi, mwanamume wa miaka 44, mwenye akili timamu, mkaazi wa Mombasa, naapa na kusema yafuatayo. Moja: kwamba sina mke."

Watu wakainua vichwa.

"Mbili: kwamba sijafunga ndoa na mwanamke yeyote, iwe ya Kiislamu, ya Kikristo, ya Kihindu, ya kimila au ya serikali."

"Hata ya Kihindu?" akauliza mama mmoja pembeni. Hakuwa na dhihaka; ilikuwa huruma tupu. Nikamtambua kwa sauti: shoga yake mamangu tangu utotoni.

"Tatu: kwamba hakuna mwanamke ninayeishi naye kama mke. Nne: kwamba hakuna mwanamke mwenye dai la aina yoyote juu yangu."

"Maskini," akasema mzee aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba. Yeye mwenyewe alikuwa katika mwaka wa sijui wa ngapi mahakamani, lakini akaona aheri yake.

Wakili naye akatoka chumbani mwake. "Nakuuliza kama wakili wako, bwana. Hata mke wa siri?"

Ukumbi mzima ukangoja jibu. Nikasema hata wa siri.

"Una hakika?"

Sijui mtu hukosaje hakika katika jambo kama hilo, ila bwana huyu yumo katika kazi hii miaka mingi na ameona ya kuona.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe sheria haimruhusu wakili anayeisimamia shughuli yako akuapishe yeye mwenyewe. Lazima uende kwa Kamishna wa Viapo asiyehusika. Basi tukatoka, karani mbele na taa yake, mimi nyuma, hadi kwa wakili wa ng'ambo ya ukumbi. "Kiapo cha nini?" akauliza huyo kutoka ndani. "Cha kutokuwa na mke!" karani akamjibu tukiwa bado mlangoni, ili wale wa ngazini nao wasikose. Nikashika msahafu, nikaapa, nikapigiwa muhuri, nikalipa.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, na njiani ilikuwa imebadilika. Mamangu akanipigia simu magharibi.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Nasikia umekwenda mbele ya wakili, umeshika msahafu, umeapa hutaoa."

Nikamweleza kwamba nimeapa sijaoa. Akanambia kwa mtu wa miaka 44 hakuna tofauti.

Baada ya isha imamu akaniita kando. Akanikumbusha fadhila za ndoa, kisha kwa upole akanieleza kuwa kiapo kibaya hakimfungi mtu milele, kina kafara yake: kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nikamshukuru. Wiki hii nzima nimekuwa nikiamkiwa na watu wenye wapwa.

Haya yote kwa nyumba ya vyumba viwili Bamburi, ambayo nusu yake itakuwa ya benki.

Na benki nayo siilaumu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inasema rehani ya nyumba ya ndoa haishiki ila iwe na sahihi ya mwenye nyumba pamoja na mke au mume anayeishi humo, au ionekane wazi kuwa ameridhia. Ni sheria njema. Wako kina mama waliojua kuna mkopo siku walipomkuta dalali wa mnada mlangoni na nyundo yake. Sasa benki, ambazo zimeshaumwa na nyoka, zinashtuka zikiona ung'ongo: aliye na mke alete ridhaa, na asiye naye alete kiapo. Wakili anayezitayarisha karatasi hizo ni wa benki. Haniwakilishi mimi, simu yangu haipokei, na ada yake naitoa mimi.

Wangu nilimpata kwa mizunguko. Muuzaji alinisihi tumtumie wakili wake sote wawili, "tuokoe pesa, ndugu yangu", na binamu yangu akaniletea mwingine ambaye sifa yake kuu ilikuwa gari. Baada ya zile habari za 2023, za kijana aliyedaiwa kusimama mahakamani kama wakili ilhali si wakili, nilijifunza kuingia katika orodha ya Chama cha Wanasheria cha Kenya mtandaoni, kuandika jina na kutazama kama mtu ana cheti cha kazi cha mwaka huu. Nilipompata mwenye cheti nikaanza kupatana bei, kama anavyopatana kila mtu aliyelelewa karibu na soko la Kongowea. Akanionyesha kitabu. Ada za mauziano ya ardhi zimewekewa kiwango kisheria, na wakili anayetoza chini ya kiwango ndiye mwenye makosa. Katika mji mzima wa Mombasa nilikuwa nimeingia duka la pekee ambalo kuomba kupunguziwa ni kumshawishi mwenye duka avunje sheria.

Lakini alipoanza kunieleza kazi yenyewe, nilisahau bei. Tazama fumbo lilivyo. Benki haitoi pesa mpaka rehani yake isajiliwe. Rehani haisajiliwi mpaka hati iwe kwa jina langu. Hati haiji kwa jina langu mpaka muuzaji atie sahihi na kuachilia makaratasi. Naye muuzaji haachilii kitu mpaka alipwe. Ni watoto wanaobadilishana gololi, kila mmoja ameishika ya mwenziwe na hakuna anayeachia yake. Ungetaraji hapo pawe na mashine, au afisa wa serikali, au angalau sanduku lenye kufuli mbili. Pana barua. Wakili wa benki anamwandikia wakili wa muuzaji: nipe hati, nami naahidi kwamba rehani ikisajiliwa nitakulipa. Basi. Hati ya mamilioni inavuka barabara mkononi mwa karani kwa nguvu ya sentensi moja, na wakili akiivunja ahadi hiyo mahakama yaweza kumwamuru alipe kutoka mfukoni mwake. Watu wawili ambao hawawaamini wateja wa wenzao, wala pengine hawaamini wateja wao wenyewe, wanaaminiana kwa maandishi. Nilimwomba anieleze tena, kwa raha tu.

Kabla ya Bamburi niliona nyumba Majengo, bei nafuu hadi nikatilia shaka. Mzee mwenyewe hakunificha: "Mwanangu, nyumba nakuuzia. Ardhi si yangu." Mgeni atadhani ni utapeli, nasi wa Mombasa tunajua ni mila. Mtu ana kiwanja, mwingine anajenga juu yake na kulipa kodi ya ardhi. Nyumba yarithiwa, yauzwa, yapangishwa, na mchanga ulio chini yake una mwenyewe. Sheria ya Kiingereza haikupata kuielewa, kwani kwao kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Juu ya hayo kuna sheria ya hati ya 1908, iliyomtaka kila anayedai ardhi huku pwani ajitokeze kuandikisha dai lake. Isiyodaiwa ikawa ya taji la Uingereza. Wengi hawakujitokeza, kwa sababu hawakusikia, au kwa sababu hawakuona vipi mtu ataomba shamba la babu yake. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota. Sheria hiyo ilifutwa 2012 pamoja na nyingine nne, lakini mizizi yake imo katika makabati, na wakili wa ardhi wa pwani asiyeyajua hayo ni karani aliyevaa tai.

Mengine niyapitie mbio. Jina langu kwenye kitambulisho ni Mohamed na kwenye pasipoti ni Muhammad, nikaapa tena kuwa sisi wawili ni mtu mmoja. Bikoni moja ya kiwanja ilipatikana jikoni kwa jirani, imekaliwa na mtungi wa maji. Naye muuzaji, alipoulizwa na wakili wake lile swali la mke wa siri, aliomba maji ya kunywa. Kuna fomu imetumwa Muscat, na nyumbani kwake hapasemeki.

Kichekesho changu kinaishia hapo, kwa sababu wakili amenipa hukumu nisome. Kampuni iitwayo Dina Management ilikuwa na kiwanja cha mbele ya bahari Nyali, ilichokinunua na kukilipia, hati mkononi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikabomoa ukuta wake kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Aprili 2023 iliamua kwamba kiwanja kilipogawiwa mara ya kwanza, 1989, kwa Rais wa wakati ule Daniel arap Moi, utaratibu haukufuatwa; hivyo hati zilizofuata hazikuwa na mguu wa kusimamia, na kununua kwa nia njema hakukuwa kinga.

Kwamba ufuo wa umma urudi kwa umma, nakubali kwa mikono miwili. Tangu ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 tunajua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu. Kinachonikera ni nani anayebebeshwa mzigo. Mimi nimeapishwa juu ya chumba changu cha kulala. Afisa aliyetia muhuri hati ya kwanza hakuapishwa. Serikali inanitoza kwa kuipekua sajili yake, inanipa karatasi inayosema hati ni safi, inachukua ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani iliyokadiriwa na mthamini wake yenyewe, kisha inanambia kwamba kuwa na hati hakutoshi, nikatafute ilitokaje. Nitaitafuta wapi? Katika mafaili yaliyo kwake, ambayo mara nyingine hayaonekani. Mnunuzi amefanywa mpelelezi wa makosa ya serikali, kwa gharama zake, na akishindwa upelelezi nyumba ndiyo fidia.

Kwa hiyo anayeniuliza leo achukue wakili gani, namwambia amwache mwepesi wa maneno na amchukue anayechosha. Amwombe cheti chake cha mwaka huu. Amuulize ile asilimia 10 ya bei inayolipwa mwanzo itakaa kwa nani mpaka shughuli ikamilike. Kisha amuulize kama ataifuata hati nyuma hadi siku iliyozaliwa, na nani aliigawa, na kwa idhini ya nani. Wakili akisema hayo ya zamani yamepita, ampe mkono, amshukuru, alipe maji aliyokunywa na aondoke.