Namna ya Kuridhika na Msimamizi Wako

Mwanafunzi wa uzamili kisiwani Mombasa akiulizwa anasimamiwaje, hutazama nyuma kwanza, kisha hujibu, "Alhamdulillahi." Jibu hilo lina mazoezi yake.

Anza kwa kushusha matarajio. Miongozo ya 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu yasema mhadhiri asisimamie zaidi ya wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamifu kwa mwaka. Usimhesabie wako. Ukikuta foleni mlangoni pake inaishinda ya feri ya Likoni, jiambie kuwa kizuri hugombaniwa.

Kisha jifunze kusoma simu. Ukiandika, "Shikamoo Prof, naulizia sura ya pili," tiki mbili za buluu ni maoni ya awali. "Marahaba, wiki ijayo inshallah" ni maoni ya kina. Hakusema wiki ya mwezi gani. Kwamba ni ya mwezi huu, hayo umejiongezea mwenyewe.

Rasimu ikirudi, isome kwa makini kuliko alivyoisoma yeye. Ukurasa wa kwanza mpaka wa saba ni wino mwekundu mtupu: mkato hapa, "chanzo?" pale, herufi kubwa zimezungushiwa duara. Wa nane na kuendelea, mweupe pepepe. Wa kumi na moja una doa la kahawa. Lishukuru doa hilo, ndilo ushahidi kwamba alifika huko. Mkikutana atakwambia maswali ya utafiti ni mengi, yabaki matatu. Usimkumbushe ni nani aliyetaka yawe matano. Na wasimamizi wako wawili wakipingana, mtii yule ambaye bado hajatia sahihi.

Barazani Mji wa Kale pita haraka, wazee wa huko watakuharibu. Watakusimulia jinsi mmishonari W. E. Taylor, alipoyatafuta mashairi ya Muyaka katika karne ya 19, alivyosaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya na kuyaelewa. Watakutajia na marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki 2017, ambaye wasomi wa ng'ambo walimbishia hodi wakauliza, naye akawaelekeza. Ukizoea habari hizo utaanza kudhani msimamizi ni mtu wa kukaa naye kitako mkazungumza. Tena Mwalimu Sikujua hakuwa na kikao cha idara cha kukimbilia.

Fomu ya tathmini nayo itakuja, ile ya kuuliza umeridhika kiasi gani, kutoka 1 hadi 5. Utaambiwa ni ya siri. Darasani kwenu mmebaki wawili, na mwenzio amehamia Doha kikazi. Weka 5.

Mwisho andika ukurasa wa shukrani: "mwongozo wake thabiti," "subira yake isiyo kifani." Mpelekee asubuhi. Ataurudisha kabla ya adhuhuri, umesahihishwa wote: mbele ya jina lake umesahau kuandika Profesa.