Sifa za Jirani wa Paa la Pili

Fumo Liyongo ana utenzi wake, wanasiasa wana waimbaji wao, hata matatu huandikwa sifa ubavuni. Aliyesahaulika ni mmoja: yule bwana anayeuza waifai katika ploti ya pili na kutuhujumu sisi wauzaji wenzake bila kuchoka. Leo namlipa haki yake.

Kwanza ni mwepesi wa kazi. Hapa Pipeline, Embakasi, maghorofa yamebanana hivi kwamba jirani wa ploti nyingine unaweza kumpa chumvi kupitia dirishani. Wapangaji hununua vocha ya shilingi 10 asubuhi, nyingine jioni, wanalipa kwa M-Pesa na maisha yanaendelea. Sisi wengine tulianza kwa kuhangaikia leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Yeye alichukua laini ya faiba ya nyumbani, ambayo mkataba wake unakataza kabisa kuwauzia watu wengine, akaisambaza kwenye ploti tatu. Serikali kila mwaka inaahidi kurahisisha biashara. Huyu aliirahisisha kwa jioni moja.

Ni mtu wa ahadi kubwa pia. Bango lake linasema spidi haina kikomo. Jumamosi usiku, mechi za Uingereza zikianza, picha inaganda mpira ukiwa hewani, naye huwatuliza wateja kwamba kebo ya baharini imekatika huko Mombasa. Kebo hizo zilianza kutufikia mwaka 2009 na zimebeba lawama nyingi, lakini hii si yao. Ni ya rauta moja ya bei nafuu iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki juu ya paa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017. Sijui anaitoa wapi.

Lakini sifa yake kuu ni ujirani. Waifai ina adabu za wazee barazani: kabla mtambo haujasema, husikiliza kwanza kama kuna mwingine anayezungumza. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zinazoweza kukaa pamoja bila kugongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Yeye alizikalia zote tatu, kwa nguvu ya mwisho, antena ikitazamana na yangu uso kwa uso. Nikahamia gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi. Akanifuata na chaneli pana ya megahezi 80. Nina ndugu wa damu ambao hawajui ninaishi ploti gani. Huyu hata chaneli yangu anaijua.

Halafu kuna suala la kuagana. Mitambo ya waifai ina ujumbe mfupi wa kumtoa mteja mtandaoni, na kwa miaka mingi ujumbe huo ulisafiri bila kinga yoyote, hivyo mtu yeyote aliweza kuughushi. Dawa ilikuja na kanuni ya 802.11w mwaka 2009, na mfumo wa usalama wa WPA3 wa mwaka 2018 ukaifanya kuwa lazima, ila simu nyingi za mtaani na rauta zetu bado zinaishi zama za kale. Basi kila inapokaribia saa mbili usiku, rauta yangu inawaaga wateja wote huku yenyewe haina habari. Wakitafuta tena, wanakuta mtandao wenye jina langu, limeongezwa herufi moja tu mwishoni. Kuwaaga wageni wa mwenzako, kisha ukawasindikiza mpaka sebuleni kwako! Wanaosema utu umekwisha mjini hawajafika Pipeline.

Kuhusu waya yangu iliyokatwa nyuma ya tangi la maji, sitamtaja mtu kwa kuwa sikumwona mtu. Ilikatwa vizuri sana, kwa kisu kikali, pale ambapo ngazi haifiki. Keateka, mwenye funguo za paa, alikuwa ametoka kidogo. Ninachoweza kusema ni kwamba mteja wa kwanza aliponipigia simu, bango la jirani lilikuwa langoni tayari na gundi imeshakauka.

Sheria zipo. Ile ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 inakataza kuvuruga mitambo ya mwenzako, na ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kuwadanganya wanunuzi. Nilikwenda kupiga ripoti, afisa akaniuliza kilichoibwa ni nini. Nilipoanza kumweleza mambo ya chaneli, alifunga kitabu. Na tukisema kweli, katika masafa haya ya wazi hakuna mwenye shamba: anayeyatumia hana ulinzi dhidi ya kelele za mwenzake. Kwa hiyo, sehemu ya uhuni wake ni halali zaidi kuliko nilivyotaka.

Nimefaidika, sikatai. Kwa sababu yake nimebadilisha rauta, nimevuta waya hadi milangoni mwa wateja, na simu nazipokea hata saa tisa usiku. Chuoni ningelipa karo.

Nawe mpangaji, waifai ikikatika ghafla, soma jina la mtandao herufi kwa herufi kabla hujatuma hiyo shilingi 10. Kisha muulize muuzaji leseni yake iko wapi. Jirani yangu atakujibu kwa upole kwamba ameiacha kwa keateka.