Sifa za Onyo Jekundu

Katika yote yanayotolewa na programu ya takwimu ya R, hakuna kinachodharauliwa kama onyo linalojitokeza chini ya jaribio la Wilcoxon la sampuli za jozi, likisema kuwa thamani kamili ya p haikokotoleki kwa sababu kuna sare, au kuna sifuri. Huja kwa maandishi mekundu, bila kualikwa, aghalabu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu. Hata hivyo, ndilo lenye adabu kuliko wote waliomo kwenye skrini.

Nasaba yake ni ya heshima. Frank Wilcoxon, mkemia wa kampuni ya American Cyanamid huko Marekani, alichapisha mwaka 1945 njia ya kulinganisha vipimo viwili vya watu walewale bila kudai kwamba data zifuate mgawanyo wa kawaida. Tofauti za jozi hupangwa kwa ukubwa bila kujali ishara, kila moja hupewa nafasi kama wanafunzi darasani, kisha nafasi za tofauti chanya hujumlishwa. Hesabu kamili huenda vizuri iwapo hakuna tofauti mbili zinazolingana na hakuna iliyo sifuri. Binadamu hawana uungwana huo. Wape dodoso la kuchagua kuanzia 1 hadi 5, na watafungana kama timu za daraja la nne.

Tuseme wanafunzi sita wamepimwa kabla na baada ya mafunzo, na alama zao zimepanda kwa 3, 5, 5, 8, 0 na 2. Yule wa sifuri, ambaye mafunzo yalimpita pembeni, huondolewa. Wanabaki watano, wote wamepanda, na jumla ya nafasi ni 15, ambayo ni ya juu kabisa. R hukadiria kwa mgawanyo wa kawaida, husahihisha kidogo kwa ajili ya mwendelezo, hutoa p ya 0.058, kisha huonya mara mbili: sare, na sifuri. Programu nyingine ya takwimu, SPSS, kwa data zilezile, haifanyi sahihisho hilo; hutoa 0.042, jedwali limenyooka, na haisemi lolote. Mtafiti mwenye haraka anajua ampende nani.

Maadui wa onyo ni wengi. Wapo wanaoandika exact=FALSE ili linyamaze, na kweli hunyamaza; p inabaki 0.058 ileile, shahidi tu ndiye aliyetolewa chumbani. Wapo wanaomfuta mwanafunzi wa sifuri kwenye faili kabla ya kuendesha jaribio, wakidhani wamesafisha data, ingawa jaribio lingemwondoa lenyewe. Tena hao hupoteza habari pekee iliyokuwa na uzito: kwamba mmoja kati ya sita hakubadilika. John Pratt alilitazama jambo hilo mwaka 1959, akapendekeza sifuri zipewe nafasi kwanza ndipo ziachwe, ili uwepo wao uhesabike.

Dosari moja ya onyo ni kwamba huamini macho kupita kiasi. Kwenye kompyuta, 0.3 kutoa 0.2 hakulingani kabisa na 0.2 kutoa 0.1, kwa hiyo sare ya desimali inaweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana wilcox.test, amri ya R inayoendesha jaribio hili, ina kigezo cha digits.rank cha kukadirisha tarakimu kabla ya kupanga nafasi.

Dosari ya pili ni kwamba hulalamika bila kutaja dawa, na dawa ipo karibu. Jozi tano zina mipangilio 32 ya ishara. Ni mmoja tu unaotoa jumla ya 15, na mmoja unaotoa 0. Kwa hiyo p kamili ya pande mbili ni 2 kwa 32, yaani 0.0625. Kifurushi cha R kiitwacho coin kinaweza kuifanya hesabu hiyo kwa wilcoxsign_test, sare zikiwamo, na kwa kawaida hufuata njia ya Pratt. Kwa jozi tano zilizobaki, hata wote wakipanda, 0.05 haifikiki kwa hesabu kamili. Ile 0.042 ilitokana na ukadiriaji.