Vumbi Halina Leseni

Makaa ya mawe ya Ngaka, kule Mbinga, yamejaliwa walezi kuliko yatima yeyote nchini. Yakiwa shimoni ni ya Tume ya Madini. Yakiingia pafuni mwa mchimbaji ni ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa sheria ya mwaka 2003. Yakipanda lori kuja Mtwara, zaidi ya kilomita 600, LATRA wa usafiri wa nchi kavu wanayapokea; gatini wapo TPA wa bandari; yakimwagika baharini, tuwaite NEMC wa mazingira.

Vumbi lake ndilo limekosa mwenyewe. Halina leseni, halipimwi mizani, wala halijui wizara moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa mwaka 2022, meli zikaja, malori yakafuatana, na wakazi waliolalamikia vumbi wakaambiwa bandari ya mizigo michafu itajengwa Kisiwa Mgao. Habari njema, ila sijui kama watu wa Mgao nao wameulizwa wanapenda mzigo gani.

Na kwa habari ya ukaguzi, nakumbuka Kiwira, mgodi wa makaa wa chini ya ardhi uliofunguliwa 1988. Kule mkaguzi hakuwa na hila: avae kofia, awashe taa, ateremke. Ngaka shimo liko wazi juani, mtu akitaka anakagua akiwa garini, kioo juu, kiyoyozi kikivuma. Kioo chenyewe kafunga kwa sababu ya vumbi.

Mheshimiwa mkaguzi, karibu Mtwara. Ila safari hii usitupigie simu mapema, tusije tukamwagia barabara maji.